Ukuta Unaotazamana na Mlango

  Leo nataka tuzungumzie ukuta mmoja tu wa nyumba: ule anaokutana nao mgeni akishaitikiwa hodi, kabla hajaonyeshwa kiti.

Nyumba zetu nyingi za hapa mjini Tabora mnazijua. Tofali za kuchoma, bati, kibaraza mbele, kisha mlango, kisha korido inayokata nyumba katikati mpaka uani, vyumba huku na huku. Ukuta umepakwa rangi ya mafuta hadi kiunoni ili uchafu ufutike, na kuanzia hapo kwenda juu ni chokaa au rangi ya maji. Huko juu ndiko tunakotundika vitu vyetu: kalenda, saa, picha ya harusi, maua ya plastiki. Na katika nyumba za mama zetu utakuta kitambaa cheupe kilichodariziwa kwa nyuzi za rangi, ndege wawili wanatazamana, na chini yao maneno Karibu Mgeni.

Kitambaa hicho nakiheshimu sana. Mara nyingi ndicho kitu pekee pale ukutani kilichotoka kwenye mikono ya mtu wa nyumba ile. Na kinanifanya nijiulize vilikwenda wapi vingine. Uko wapi ungo, uko wapi ukili, iko wapi susu, kiko wapi kilindo? Vitu hivi vimenyang'anywa kazi yake jikoni na safarini, na mimi naona mahali pa kuvipa kazi mpya ni hapo hapo mlangoni, kwenye ukuta wa mgeni. Tusipovipa kazi, mikono inayovijua itazeeka bila kupata wa kumrithisha. Tabora tuna sababu ya kulianza jambo hili kabla ya wengine, na sababu yenyewe ni njia ya misafara.

Mji huu ulikuzwa na misafara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Kazeh, kama walivyouita mji huu, Novemba 1857, walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amekwisha kuwa mwenyeji. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapa ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini Karagwe na Buganda. Tunapoisimulia historia hiyo tunataja pembe za ndovu, tunataja watumwa na machozi yao, tunataja shanga, nyaya za shaba na nguo za merikani. Kilichovifunga vitu hivyo hatukitaji.

Na mzigo wa nguo haukubebwa hivi hivi. Majora yalikunjwa, yakapigwa na kubanwa mpaka yakawa mtumba mrefu, mgumu, wa frasila 2 hivi, yaani kilo 32. Mtumba ukavikwa makanda ya kusukwa, ukazungushiwa kamba na kukazwa. Ubavuni zikafungwa fito ambazo ncha zake zilitokeza chini, ili mpagazi akifika kivulini auegemeze mzigo kwenye mti, usilale kwenye matope, na wakati wa kuondoka aingize bega chini yake na kuinuka nao. Juu ya mzigo huo alifunga vitu vyake mwenyewe: kirago cha kulalia, chungu, kibuyu cha maji. Wanyamwezi, waliosifika kuliko wapagazi wote wa njia ile, walizijua kamba na fundo zake. Jioni kambini virago vilitandikwa, alfajiri vikafungwa, na maelfu ya watu walilalia kazi ya mikono ya wasukaji ambao hakuna msafiri aliyeandika majina yao kitabuni.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzigo ukahamia kwenye behewa. Makanda yakakosa kazi. Baadaye likaja gunia la katani, kisha kiroba cha plastiki, na mkeka wa plastiki ukaingia hata chumbani. Siwalaumu walionunua. Mkeka wa plastiki unafuliwa, hauliwi na mchwa, na bei yake inajulikana. Nataka tu tukiri kwamba tulipoupokea hatukuacha mahali pa ule mwingine.

Hata nguo tuliwahi kufuma wenyewe. Burton anaeleza vitanda vya mfumi alivyovikuta Unyamwezi. Pamba ililimwa, ikasokotwa na kufumwa huku huku, na bado walikuwapo waliovaa nguo za magome ya miti, wakati merikani ya kutoka Salem, Marekani, ilipokuwa inazidi kuingia mabegani mwa watu.

Sasa nendeni Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji, kwenye tembe alilokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872. Mwandishi wa habari Stanley aliagana naye mwezi Machi, naye akabaki pale akingoja wapagazi mpaka Agosti. Leo ni makumbusho. Paa lake ni bapa, kuta ni nene za udongo, na milango ni ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa pwani. Hebu fikirini: mamia ya kilomita kutoka baharini, safari ya miezi kwa miguu, na bado mwenye nyumba akaona mlango hauwezi kubaki mtupu. Alijua mgeni huanza kukufahamu akiwa bado kizingitini. Leo ni wachache kati yetu wenye uwezo wa kuagiza mlango wa kuchonga. Ungo tunaumudu.

Njia ile ilileta pia kazi za nyuzi kutoka upande wa pili, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alifanya makao hapa Tabora, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili anataja viramba, vitambaa vya nyuzi za mwale ambavyo kule Manyema na mbele yake vilitolewa kama ushuru na kutumika kama fedha. Huko Kasai, Kongo, Wakuba waliuendeleza ufundi wa mwale wakaufikisha mbali. Walifuma kitambaa, wakakidarizi kwa nyuzi hizo hizo, wakazikata ncha zake fupi mpaka uso wake ukawa mahameli, wenye michoro ya pembe inayokwenda na kukatika na kuanza upya pale usipotegemea. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alivikusanya vitambaa vya Wakuba akavitundika kwenye ukuta wa mahali pake pa kazi, akavitazama miaka. Mtu aliyesifiwa dunia nzima kwa rangi alikaa mbele ya ukuta wa nyuzi za Kongo akijifunza.

Na hapa jirani, mwaka 2022, Uganda ilikuwa na banda lake la taifa kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Mmoja wa wasanii wawili walioliwakilisha alikuwa Acaye Kerunen. Kazi zake zilikuwa mikeka na misuko ya ukindu, migomba na mwale, vitu vilivyotoka kwenye mikono ya wanawake wasukaji wa Uganda, naye akavikata, akaviunganisha, akavitundika vikashuka ukutani. Majaji walilitaja banda lile kwa heshima maalumu. Mkeka uleule ambao huku tunaukunja na kuuficha nyuma ya mlango mgeni akibisha hodi.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimepewa mara nyingi: ungo ni wa kupepetea, ukiutundika umeuua. Jibu hilo lina uzito na sitalipita juujuu. Kitu kilichosukwa kwa ajili ya kazi hupata uzuri wake kwenye kazi. Ungo uliopepeta mtama misimu kadhaa una rangi ya asali ambayo hakuna duka linaloiuza. Lakini kumbukeni jikoni kwa bibi. Mtama ukishapepetwa, ungo uliwekwa wapi? Haukuachwa chini ukanyagwe na kuku na watoto. Ulitundikwa kwenye kigingi ukutani, karibu na mlango wa jiko, penye hewa. Ungo umezoea ukuta tangu zamani. Na susu je? Ule wavu wa kamba ulioning'inizwa darini ukabeba bakuli la mboga mbali na panya, tangu siku ya kwanza ulisukwa uning'inie. Vijana leo wanaangalia kwenye simu namna ya kufunga fundo za makrame ili watundike mtungi wa maua, na fundo zenyewe bibi zao walizifunga darini kwa ajili ya mboga ya mlenda. Kwa hiyo tunapovileta vitu hivi kwenye korido tunavitoa tu jikoni kuvileta mbele, wala hatuvipi tabia ngeni.

Ngoja niwaonyeshe kazi moja kwa karibu, ili tujue tunatundika nini. Chukueni kapu la nyasi la kusuka kwa mzunguko, la aina ile ambayo Wanyamwezi na Wasukuma waliibana mpaka ikashika pombe bila kuvuja. Msukaji huanzia kitovuni. Anashika kishungi cha nyasi chenye unene wa kalamu, anakikunja juu ya chenyewe, anatoboa kwa sindano, anapitisha uzi wa ukindu uliolowekwa ili usikatike, anavuta mpaka vidole viwe vyeupe. Kishungi kinazunguka, anaongeza nyasi nyingine ndani yake bila kuacha donge, na kila mshono unaukamata mzunguko wa chini yake. Akitaka rangi nyeusi anabadilisha uzi hapo hapo, akihesabu mishono kichwani, na hesabu haisimami mahali pamoja kwa sababu kila mzunguko ni mpana kuliko uliotangulia. Kosa la mshono mmoja kwenye mzunguko wa tatu litaonekana kwenye wa thelathini, pembe ya ua itakapokataa kukutana na mwenzake. Hakuna karatasi, hakuna rula. Mchoro wote umo ndani ya mtu. Ukilitundika kapu hilo ukutani, kitovu kikitazama mlango, mgeni anaiona safari yote ya mkono ule kwa mara moja, jambo ambalo kapu likiwa limejaa viazi halionyeshi.

Ukindu wenyewe nao una kazi yake kabla ya kusukwa. Hukatwa kuti changa la katikati, lile ambalo bado halijafunguka, likaanikwa juani likawa jeupe, likachanwa kwa ukucha au kisu vipande vya upana mmoja, ndipo likachemshwa kwenye rangi. Pwani walipata weusi kwa mizizi ya mdaa. Wengi sasa wanatumia rangi ya dukani. Anayejua kukata huacha mkindu na chipukizi la kukua nalo, asiyejua huumaliza.

Kwa upande wa malighafi Tabora hatukosi. Magharibi yetu kuna mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Huko mafunjo na matete yamejaa. Katani tunayo nchini tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwenye hiyo yakatoka mashamba ya Tanga na Morogoro. Na mikono inayojua uzi tunayo pia: mkulima yeyote wa tumbaku wa Urambo au Sikonge anajua kuyafunga majani kwenye fito, safu kwa safu, kabla hayajapandishwa kwenye bani. Mkono unaofunga tumbaku usiku kucha bila jani kudondoka hauwezi kushindwa na pazia la kamba la mlangoni.

Malighafi nyingine iko kwenye misitu yetu ya miombo, na hapo lazima niseme jambo kwa uzito. Watu wa kale wa nchi hii walitengeneza malindo kwa gome la mti: gome linavuliwa shina zima, linakunjwa likawa pipa, linashonwa kwa kamba ya gome hilo hilo kwenye maungio, linatiwa kitako na kifuniko. Lindo kubwa liliweka nafaka, kilindo kidogo kiliweka nguo na vitu vya thamani. Mizinga ya nyuki ya magome ilitengenezwa hivyo hivyo. Ni kitu kizuri ajabu. Mshono wake ukipanda ubavuni ni pambo tosha. Lakini mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lote hufa, na ndiyo maana wataalamu wa nyuki, pamoja na chuo chetu cha ufugaji nyuki hapa Tabora, wanahimiza mizinga ya mbao. Basi mwenye kilindo cha babu na akilete mlangoni, akiweke chini ya ukuta, atie humo fimbo na miavuli. Asiyenacho asiende kuua mti kwa ajili ya pambo. Angoje mti unaoangushwa kwa kazi nyingine, aombe gome lake.

Sasa tuje kwenye kutundika kwenyewe, kwa sababu kuna watu wamepoteza vitu vya thamani kwa msumari uliokaa mahali pabaya.

Adui wa kwanza hapa kwetu ni mchwa. Nyumba ikiwa ya tofali mbichi, mchwa hupanda ndani ya ukuta na kutokea nyuma ya kitu kilichotundikwa, wala hutamwona mpaka ungo umebaki pindo tupu. Kwa hiyo kitu kisigandamane na ukuta. Weka vipande viwili vya mbao nyuma yake, unene wa kidole, hewa ipite, na kila mwezi kitoe ukitazame mgongo. Adui wa pili ni jua. Mlango unaotazama magharibi unaingiza jua la saa kumi moja kwa moja, na ukindu wa rangi hupauka. Kwenye ukuta huo tundika kazi zisizotiwa rangi, ungo, kirago, kamba ya katani yenyewe. Mvua zikianza Novemba, upande unaopigwa hunyonya maji na kuta hufukuta hadi Aprili. Ukiona ukungu, kitoe nje kikapate jua la asubuhi, usikipake mafuta. Vumbi la kiangazi linatoka kwa brashi laini ya rangi, mpya, kavu. Ukuta wa tofali za saruji unataka msumari wa zege. Wa udongo unataka kigingi cha mti mgumu kilichopigwa kwa kuelekea juu kidogo.

Mpangilio nauacha kwa macho yenu, ila nitasema ninachokiamini. Kitu kimoja kikubwa kinachotazamana na mlango kina nguvu kuliko vidogo kumi vilivyotawanywa. Mkitaka vingi, viwe vya jamii moja, nyungo na nyungo, makapu na makapu, na mvipange kwanza chini, juu ya mkeka, mvihamishe mpaka mridhike, ndipo mtoboe ukuta. Msishuke chini ya ule mstari wa rangi ya mafuta, kwa sababu korido zetu ni nyembamba na ndoo aliyoishika mtu anayepita itagusa. Na kile kitambaa cha Karibu Mgeni kisiondolewe. Kiweke karibu na kapu. Vyote ni mkono na uzi.

Limebaki la malipo, na hili ndilo linaloniuma. Fundi wa kupaka rangi ukuta huo tunamlipa kwa siku alizofanya kazi, wala hatushangai. Msukaji tunamkuta sokoni, kazi ya majuma iko mapajani mwake, na neno letu la kwanza ni kumwomba apunguze. Tunalinganisha bei yake na beseni la plastiki. Kama kitu kinakwenda ukutani kutazamwa miaka, basi tukilipie kama kazi ya fundi: tuulize amesuka siku ngapi, tuhesabu pamoja naye. Na tumwulize jina lake na kijiji chake, tuliandike kwenye kipande cha karatasi pamoja na mwaka, tukibandike nyuma. Mgeni akiuliza nani kasuka, mwenye nyumba awe na jibu. Waliosuka makanda ya misafara hakuna aliyewauliza.

Wenye nia ya kuagiza, msichelewe. Mavuno yakishaisha, nyasi huwa zimekauka vizuri, na akina mama huwa na nafasi ya kukaa chini ya mwembe na kazi zao. Chukueni kipimo cha ukuta kwa kamba, mwende nacho kwa msukaji, mkubaliane ukubwa na rangi, mmwachie fedha ya kununulia ukindu na rangi ili asianze kwa mkopo. Ikifika Novemba wote wako shambani, na oda itakayotolewa wakati huo itasubiri mpaka mahindi yaingie ghalani.